SOMO: Kuficha madirisha yaliyojaa kwenye kioo (Windows 10 na 11)

Wakuu, salaam. Swali hili haliishi humu, na nimechoka kulijibu upya. Naliandika lote hapa. Atakayeuliza tena nitamrudisha kwenye uzi huu.

Tuelewane kwanza: kuficha dirisha si kulifunga. Programu inaendelea kufanya kazi na inakula RAM (memori) ile ile. Unachopata ni kioo kisicho na vurugu. Anayetaka mashine iwe nyepesi, afunge.

1. Dirisha moja: bonyeza kistari kilicho juu kulia.

2. Yote isipokuwa lile unalofanyia kazi: kitufe cha Windows + Home. Rudia, yatapanda. Kwenye baadhi ya laptopu utashika na Fn.

3. Yote kabisa: Windows + D. Hapa soma polepole. Ukibonyeza tena, madirisha yanarudi yalivyokuwa, ila kwa sharti kwamba hujafungua kitu katikati. Ukishayashusha kisha ukafungua hata faili moja, D ya pili haiyarudishi. Inalishusha na hilo jipya. Ndipo mtu anapopiga kelele kwamba kazi imepotea, anakandamiza kitufe cha kuzimia, na kama hakuwa amesevu, hapo inapotea kweli. Tulia. Madirisha yako yapo kwenye ule mstari wa chini, yapandishe moja moja. ONYO lingine: ukiwa kwenye desktopu tupu usiguse Alt + F4. Hapo hakuna dirisha la kufunga, kwa hiyo inakuletea kisanduku cha kuzima kompyuta, na wenye mazoea ya kugonga Enter wanajimaliza wenyewe.

4. Desktopu ya pili (uwanja mwingine mtupu wa madirisha, kwenye kompyuta ile ile): Windows + Ctrl + D. Kuhama: Windows + Ctrl + mshale wa kushoto au kulia. Kuifunga: Windows + Ctrl + F4. Yaliyomo hayafungwi, yanahamia desktopu ya jirani.

MASWALI

Kaka Mdogo: Mkuu nimeficha zote lakini mashine bado nzito. Shida nini?

Mwandishi: Soma aya ya pili.

Kaka Mdogo: Si ungejibu tu, mkuu?

Mwandishi: Nilijibu kabla hujauliza. Bonyeza Ctrl + Shift + Esc, angalia safu ya memori, funga inayokula zaidi.

Mama Stesheni: Shikamoo mwalimu. Nina duka la kuprinti, mteja akisimama nyuma yangu anaona WhatsApp yangu yote. Nikiihamishia desktopu ya pili, Alt + Tab haitaitoa hadharani?

Mwandishi: Marahaba dada, hili ndilo swali. Haitaitoa: kwa kawaida Alt + Tab huonyesha madirisha ya desktopu uliyopo tu. Ya kwanza iwe ya wateja, ya pili iwe ya WhatsApp na hesabu zako. Lakini mafaili na aikoni za kwenye desktopu zinaonekana kotekote, kwa hiyo usiache hapo kitambulisho cha mtu. Zima pia arifa za WhatsApp, maana zitaibuka pembeni mteja akiwa palepale. Ukiinuka kwenda kutoa kopi, Windows + L, kioo kinajifunga. Kuna na hili: bonyeza Windows + Tab, kisha bonyeza kulia juu ya dirisha la kikokotoo, utapata chaguo la kulionyesha kwenye desktopu zote.

Mama Stesheni: Hilo la kikokotoo limenikomboa. Asante sana.

Ticha wa Fizikia: Nimechomoa projekta, sasa Word ipo chini kwenye mstari lakini kioo hakionyeshi kitu.

Mwandishi: Dirisha limebaki kwenye kioo ambacho hakipo tena. Lichague kwa Alt + Tab, bonyeza Alt + Space, halafu M, halafu mshale wowote mara moja. Sogeza mausi, litaifuata.

Fundi Kibodi: Au Windows + mshale wa kushoto, linakuja kujibandika pembeni.

Ticha wa Fizikia: Ya fundi imekubali. Na wenye Mac je?

Mwandishi: Command + H inaficha programu uliyomo. Ongeza Option, inabaki hiyo na nyingine zote zinafichwa.