Somo: Kuigiza majibu ya DNS ndani ya kompyuta yako bila intaneti

Programu inayotegemea majina ya vikoa ikijaribiwa kwa DNS ya kweli (mfumo unaogeuza majina ya vikoa kuwa anwani za IP), majaribio yake hutegemea bando, mtoa huduma na hali ya seva za watu wengine, hivyo jaribio lililofaulu asubuhi linaweza kufeli jioni ilhali hakuna mstari hata mmoja wa msimbo uliobadilishwa. Somo hili, linalowahusu watumiaji wa Ubuntu na Debian, linaonyesha jinsi ya kuweka seva ndogo ya DNS inayojibu ndani ya kompyuta peke yake. Kupata jibu sahihi ni kazi nyepesi. Faida kubwa imo katika kuigiza majibu mabaya, kwa kuwa hayo ndiyo ambayo DNS ya kweli haitakupa kwa wakati unaoyahitaji.

Wengi huanza na faili la /etc/hosts, orodha ya majina na anwani iliyo ndani ya kompyuta, nalo linatosha kwa jina moja au mawili. Hata hivyo, haliwezi kubeba rekodi za MX (seva za barua pepe) wala TXT (maandishi), haliwezi kujibia kwa mkupuo majina yote yaliyo chini ya kikoa kimoja, na kamwe haliwezi kuigiza jibu linalochelewa.

Hatua ya 1: Chagua jina lisilo na mwenyewe. Tumia kikoa kinachoishia na .test, ambacho kilitengwa rasmi kwa majaribio na waraka wa RFC 2606 wa mwaka 1999. Kwa anwani ambayo hutaki ifikie mashine yoyote, chukua moja katika kundi la 192.0.2.0/24, lililotengwa kwa ajili ya mifano.

Hatua ya 2: Sakinisha dnsmasq-base, yenye programu ya dnsmasq ambayo ndiyo seva yetu ndogo ya DNS. Usichukue kifurushi cha dnsmasq chenyewe, kwani hicho huja na huduma inayojiwasha na ambayo huweza kugombania poti 53, ambayo ndiyo ya DNS, na systemd-resolved, huduma ya DNS ya mfumo wenyewe.

    sudo apt install dnsmasq-base

Hatua ya 3: Andika mipangilio. Tengeneza faili liitwalo jaribio.conf:

    no-resolv
    no-hosts
    bind-interfaces
    listen-address=127.0.0.2
    log-queries
    address=/duka.test/127.0.0.1
    local=/duka.test/
    address=/malipo.duka.test/192.0.2.10
    local=/malipo.duka.test/
    local=/haipo.duka.test/
    mx-host=duka.test,barua.duka.test,10

Mstari wa no-resolv ndio ninaouthamini kuliko yote. Seva ikikosa mahali pa kupeleka maswali isiyoyajua, hujibu REFUSED (limekataliwa), na kwa njia hiyo utabaini mara moja kama programu yako inaulizia kwa siri kikoa cha nje ambacho hukukitarajia. Mistari ya local iliyo chini ya kila address nayo si ya mapambo: kuanzia toleo la 2.86, swali la AAAA (la anwani ya IPv6) kwa jina lililopewa anwani ya IPv4 pekee hupelekwa nje badala ya kujibiwa kuwa rekodi hiyo haipo, na local ndiyo inayozuia jambo hilo.

Iwashe, kisha uache dirisha hilo wazi ili usome maswali yanavyoingia:

    sudo dnsmasq -d -C jaribio.conf

Hatua ya 4: Ielekeze programu kwenye seva hiyo. Hakuna haja ya kuvuruga kompyuta nzima. Andika faili la resolv.jaribio lenye mstari mmoja tu, nameserver 127.0.0.2, kisha katika dirisha jingine uliweke juu ya /etc/resolv.conf, faili linaloiambia kompyuta ni seva ipi ya DNS ya kuulizwa:

    sudo unshare -m
    mount --bind $PWD/resolv.jaribio /etc/resolv.conf
    getent ahosts malipo.duka.test

Badiliko hilo linaonekana ndani ya dirisha hilo pekee, na ukilifunga mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Hakiki kwa getent badala ya dig, kwa sababu getent hupita njia ileile inayopitwa na programu nyingi, wakati dig huiuliza seva moja kwa moja na hulipuuza faili la hosts.

Hatua ya 5: Igiza hitilafu. Jina haipo.duka.test litarudisha NXDOMAIN, na programu itapokea kosa la EAI_NONAME, yaani jina halipo na hakuna maana ya kurudia. Kuigiza ukimya kunahitaji uangalifu zaidi. Ukiizima seva, kompyuta hujibu papo hapo kwamba poti imefungwa, na huo si ukimya. Isimamishe bila kuiua: tafuta namba ya mchakato wa dnsmasq, kisha utumie sudo kill -STOP pamoja na namba hiyo. Maswali yatapokelewa lakini hayatajibiwa. Kwa kawaida Linux husubiri sekunde 5 na kujaribu mara 2, kwa hiyo programu itakwama kwa takriban sekunde 10 kabla ya kupata EAI_AGAIN, yaani imeshindikana kwa sasa, jaribu tena baadaye. Hapo ndipo utakapoona kama ukurasa wako wa malipo unaganda kwa sababu ya jina moja. Amri ya kill -CONT huirejesha seva kazini.

Maswali ya wanachama

Swali: Ndugu mwandishi, nimebadilisha anwani katika jaribio.conf lakini programu yangu ya Java bado inakwenda kwenye anwani ya zamani. Nimekosea wapi?

Jibu: Kwanza, dnsmasq haisomi upya faili la mipangilio hata ukiitumia ishara ya HUP, hivyo ni lazima uizime na kuiwasha tena. Pili, Java ina akiba yake yenyewe: kwa kawaida hushika jibu zuri kwa sekunde 30 na jibu la kukosa kwa sekunde 10, bila kujali TTL (muda wa kuhifadhi jibu) iliyotumwa na seva. Rekebisha networkaddress.cache.ttl katika faili la java.security unalotumia kwa majaribio.

Swali: Kazini kwetu tumezoea majina ya .local. Je, kuna ubaya?

Jibu: Upo, ndugu yangu. Jina hilo limetengewa mDNS (njia ya vifaa vya mtandao mmoja kutafutana kwa majina bila seva ya DNS), na kwenye Ubuntu ya mezani swali lake mara nyingi huishia huko bila kuifikia dnsmasq. Uepuke pia .dev, ambayo ni kikoa halisi na vivinjari vikubwa hukilazimisha kitumie HTTPS.

Swali: Natumia Mac, ambayo haina unshare. Nifanyeje?

Jibu: Iwashe dnsmasq kwenye 127.0.0.1 kwa poti 5300, kisha utengeneze faili la /etc/resolver/test lenye mistari miwili: nameserver 127.0.0.1 na port 5300. Majina ya .test pekee ndiyo yatakayopita hapo. Mengine yataendelea kwenda nje, kwa hiyo ile faida ya kunasa maswali ya nje hutaipata mpaka ukate Wi-Fi.