Kupima joto la maji ukiwa kwenye kayaki: mambo ya kuzingatia kabla ya kuondoka

Mpiga kasia hupima joto la maji ili ajue avae nini, na kwa sababu hiyo kosa la nyuzi mbili tatu si dogo: anayetumbukia ghafla katika maji yaliyo chini ya nyuzi 15 za Selsiasi anaweza kutweta kwa nguvu na kuvuta maji ndani ya dakika ya kwanza, muda mrefu kabla mwili wake haujapoa.

Kipimajoto kihakikiwe nyumbani. Jaza kikombe barafu iliyopondwa, mimina maji kidogo hadi yajaze nafasi kati ya vipande, koroga, kisha tumbukiza kipimajoto bila kukiacha kiguse kikombe na usubiri dakika chache. Kinapaswa kusoma 0, kikisoma 1.5, andika tofauti hiyo kwenye plasta uibandike kwenye kifaa chenyewe, ili uitoe kila unaposoma. Maji yanayochemka siyashauri, kwani kiwango cha kuchemka hushuka kwa takribani nyuzi 1 kila unapopanda mita 300 juu ya usawa wa bahari.

Saa ya mkononi huchanganya joto la maji na la ngozi yako, nacho kipimajoto cha infraredi, kinachopima bila kugusa, husoma utando wa juu tu wa maji. Kinachofaa zaidi ni chenye ncha ya chuma kwenye waya mrefu. Cha zebaki kisiingie chomboni kabisa.

Andaa kamba ya kuteremshia ncha, yenye kizito kidogo mwishoni, iliyopigwa fundo kila nusu mita ili ujue kina, uifunge kwenye chombo na kamwe si mwilini, kwa fundo linalofunguka kwa mkono mmoja, maana chombo kikipinduka kamba iliyolegea humnasa mtu.

Majini, simamisha chombo, teremsha ncha upande wa kivuli, subiri namba itulie, na usome ncha ikiwa bado imezama, kwa kuwa ikitoka imelowa upepo huipoza papo hapo. Siku tulivu yenye jua, maji ya juu huweza kuwa na joto kuliko yaliyo mita moja chini, kwa hiyo pima vina vyote viwili na uandike saa, mahali na kina.

Tahadhari kubwa ni kwa kipimo cha ufukweni, kwani maji ya kina kifupi hupata joto haraka na kukudanganya. Vazi lichaguliwe kwa kipimo cha joto la chini kabisa ulichoandika mbali na ufuko safari iliyotangulia katika msimu huohuo, na kama huna, vaa kama uendaye kwenye maji baridi.