Kuomba fedha za mashine ya CNC ya shule: anza na ratiba ya vipindi

Mwongozo huu ni kwa walimu wa sekondari za ufundi na za mkondo wa amali hapa Tanzania, hasa za serikali, wanaotaka mashine zinazoongozwa na kompyuta: ruta ya CNC ya kuchonga mbao, kikata leza, printa ya 3D. Tangu mkondo wa amali uanze mwaka 2024 nimepitia maandiko mengi ya kuomba fedha za mashine hizi, na mengi yana kasoro moja: ukurasa wa kwanza ni profoma ya muuzaji. Mfadhili anaiona bei kabla hajajua mwanafunzi atafanya nini.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya kipindi

Chukua darasa la wanafunzi 40, uwagawe vikundi 8 vya watu 5. Kila kikundi kikichonga kipande kimoja kwa dakika 20, mashine inahitaji dakika 160. Vipindi viwili vilivyounganishwa ni dakika 80, kwa hiyo nusu ya darasa inabaki kuangalia tu. Hapo wengi huomba mashine ya pili. Mimi ningeomba kompyuta kumi. Sehemu kubwa ya somo hili iko kwenye skrini: kuchora, kuchagua biti (kisu kinachokata) na kasi, kupanga njia ya kukatia. Programu ya FreeCAD inafanya hayo bure, na CAMotics, ambayo nayo ni bure, inaonyesha mkato utakavyokuwa kabla hujaharibu mbao. Vikundi vinne vichonge, vinne vichore, wiki ijayo wabadilishane. Jedwali la vipindi hivyo ndilo liwe ukurasa wa kwanza wa andiko.

Hatua ya 2: Chagua ukubwa kulingana na umeme na chumba

Ruta inayoitwa 1325 ina meza ya milimita 1300 kwa 2500 na inalaza shiti nzima ya plaiwudi. Hiyo ni ya kiwanda cha samani. Kwa kufundishia, meza ya 600 kwa 900 inatosha, tena spindo (mota inayozungusha biti) ya kilowati 2.2 unaweza kuipata na inverta, yaani kifaa kinachoongoza kasi yake, inayotumia umeme wa njia moja (fezi moja). Mashine kubwa nyingi hudai njia tatu. Kama karakana haina, gharama ya TANESCO iingie kwenye andiko tangu mwanzo. Kikata leza nacho kinadai bomba la kutoa moshi nje na mfumo wa kupoza. Kisikate PVC kamwe: hutoa gesi yenye klorini inayodhuru mapafu na kula chuma cha mashine.

Hatua ya 3: Bajeti ya karakana nzima

Kanuni yangu: katika kila shilingi 100 unazoomba, mashine yenyewe isizidi 60. Zinazobaki ni za usafiri, wakala wa forodha, stabilaiza, kifyonza vumbi, biti (zitavunjika, usijidanganye), mbao za mazoezi, na mafunzo ya walimu wawili. Wawe wawili kwa sababu mwalimu huhamishwa. Msamaha wa kodi usiuhesabu mpaka uwe nao kwa maandishi. Weka VAT ya asilimia 18 kamili.

Umeme hauogopeshi kama wakuu wa shule wanavyodhani. Spindo ya kilowati 2.2 na kifyonza vumbi cha 1.5 vikifanya kazi saa nne kwa nguvu zote, vinakula uniti 15 hivi za LUKU.

Hatua ya 4: Gawanya ombi

Usimpelekee mtu mmoja mzigo wote. Halmashauri iombwe marekebisho ya jengo na umeme, na ombi lifike mapema, maana mwaka wa fedha huanza Julai 1 na bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Waliosoma shuleni kwenu hutoa kompyuta kwa urahisi kuliko fedha taslimu. Mashine yenyewe iombe kwa kampuni, au Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA), inayosimamia Mfuko wa Elimu wa Taifa chini ya sheria ya mwaka 2001. Kampuni ikisita, ikumbushe kwamba mchango unaopitia mfuko huo hutambuliwa kwenye hesabu ya kodi ya mapato. Wazazi ningewaacha.

Andiko lipite kwenye bodi ya shule na kwa mkurugenzi wa halmashauri kabla ya kwenda nje. Kurasa nne zinatosha.

Hatua ya 5: Kununua na kupokea

Fedha zikiingia shuleni, ununuzi unapitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Andika sifa, si jina la kampuni: ukubwa wa meza, nguvu ya spindo, vipuri vya akiba, dhamana, na uwezo wa kusoma G-code ya kawaida, yaani lugha ya maagizo ya mashine za CNC. Sifa hiyo ya mwisho msiiachie. Mashine inayotii programu ya muuzaji peke yake itawafunga kwake miaka yote.

Siku ya mapokezi, kamati isiridhike na kuona taa zinawaka. Chongeni mraba wa milimita 100 kwenye ubao wa MDF, mpime pande zote kwa kalipa, kisha mpime kona kwa kona: kila mshazari uwe milimita 141.4. Mishazari ikitofautiana, reli za mashine hazijakaa pembe mraba, na hati ya mapokezi haisainiwi mpaka fundi wa muuzaji azirekebishe na kuchonga mraba mwingine mbele yenu.