Jinsi ya Kutambua Mashapo na Uchafu Ndani ya Chupa ya Pombe ya Asali

Chupa ya pombe ya asali iliyokaa miezi kadhaa bila kuguswa mara nyingi hukutwa na kitu ndani yake: tabaka la rangi ya maziwa chini, ukungu usiotulia katikati, chembe zinazometameta, au utando mwembamba juu karibu na kizibo. Mtengenezaji anayekiona kitu hicho kwa mara ya kwanza huelekea kwenye kosa moja kati ya mawili, ama kumwaga kinywaji chote, ama kutikisa chupa na kunywa huku akijipa moyo. Kosa la kwanza nimelifanya mwenyewe. Nilimwaga chupa sita kwa sababu ya punje nyeupe zilizozunguka shingo ya kila chupa, na wiki mbili baadaye, nilipoiona chupa ya saba niliyokuwa nimeisahau nyuma ya rafu, niligundua kwamba punje zile zilikuwa nta ya nyuki. Tangu siku hiyo siamui lolote kabla ya kujibu maswali matatu kwa mpangilio huu: kitu kimekaa wapi, kinasogea namna gani, na kinywaji kinanuka nini.

Kabla ya hayo, hakikisha kwamba chupa yenyewe si hatari. Ukiona mapovu yakipanda, kizibo kimesukumwa juu au kifuniko kimevimba, chukulia kwamba uchachukaji umeanza upya na kwamba ndani kuna gesi yenye nguvu ya kupasua kioo. Valia glavu nene na kinga ya macho, funga chupa kwa taulo nzito, iweke mahali pa baridi sana kwa saa kadhaa ili gesi itulie, kisha ifungue polepole ukiwa umeielekeza mbali na uso wako na wa mtu mwingine. Usianze kuichunguza kwa tochi wala kuigeuzageuza ikiwa bado imefungwa.

Chupa isiyo na dalili hizo isimamishe wima mahali penye ubaridi kwa siku moja au mbili. Baada ya hapo ingia chumba chenye giza, shika tochi nyuma ya chupa na utazame kutoka ubavuni, kwanza ikiwa imetulia, kisha ukiinamisha taratibu. Tazama pia chupa nyingine zilizojazwa siku ileile, kwani ulinganisho huu hufundisha kuliko kipimo chochote. Ikiwa zote zina kitu kilekile, chanzo chake karibu kila mara kilikuwamo ndani ya pombe kabla ya kujazwa, yaani hamira, asali, matunda au dawa ya kusafishia pombe. Ikiwa ni chupa moja au mbili tu, washukiwa wa kwanza ni chupa ambayo haikuoshwa vizuri na kizibo kinachopitisha hewa.

Kilichotulia chini

Mashapo yanayopatikana zaidi ni hamira iliyokufa au kulala. Rangi yake ni ya krimu hadi kahawia hafifu, ingawa katika pombe iliyotiwa matunda huchukua rangi ya tunda. Ukiinamisha chupa, huinuka kama moshi, hutanda ndani ya kinywaji, na baada ya saa kadhaa hurudi chini. Aina nyingine za hamira hushikamana kwa nguvu na kuanguka kwa mabonge yanayofanana na mchanga uliolowa. Tofauti hiyo ni ya aina ya hamira, si dalili ya ugonjwa. Harufu yake ni ya mkate. Pamoja nayo huweza kuwapo chavua na protini za asali, ambazo huonekana kama vipande vyepesi vya kahawia vinavyochelewa kutulia, au udongo wa bentoniti wa rangi ya kijivu ikiwa uliutumia kusafisha pombe. Hivyo vyote havidhuru. Simamisha chupa, mimina kwa mkono uliotulia bila kukatiza, na usimame pale moshi wa mashapo unapofika begani mwa chupa.

Chembe zinazong'aa zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa kuna mambo mawili yanayofanana kwa macho na yasiyofanana hata kidogo kwa madhara. Pombe ya asali iliyochanganywa na zabibu, au iliyoongezewa asidi ya tartari, hutoa fuwele inapopoa, na fuwele hizo hukaa chini kama sukari au hujishikiza kwenye kizibo. Zitoe chache, zisuuze kwa maji baridi, kisha zitie kwenye kikombe kidogo cha maji ya moto sana na ukoroge. Fuwele za kawaida za asidi hiyo huyeyuka; kioo hakiyeyuki kamwe. Ziko fuwele za chokaa ambazo nazo hukataa kuyeyuka, kwa hiyo chembe iliyobaki nzima si lazima iwe kioo, lakini ikiwa mdomo wa chupa umemeguka, au ikiwa chembe zina ncha kali na hujui zilikotoka, mwaga. Kuchuja kwa kitambaa hakuondoi vipande vidogo vya kioo kwa uhakika, na hakuna pombe yenye thamani ya kuhatarisha koo la mtu.

Ukungu ulioenea katikati

Pombe isiyotaka kuwa angavu haimaanishi kwamba imeharibika. Ikiwa ulitumia matunda, pima kama ukungu ni wa pektini, yaani kile kitu cha asili kwenye matunda kinachofanya jemu igande: changanya sehemu moja ya pombe na sehemu nne za spiriti kali ndani ya glasi angavu, itikise kidogo, uache kwa nusu saa. Nyuzi au mabonge kama jeli yakitokea, ukungu wako ni pektini, na kimeng'enya cha kuivunja kitausaidia. Mchanganyiko huo wa kupimia umwagwe, usionjwe. Ikiwa ulitumia nafaka au tunda lenye wanga, tone la ayodini katika kijiko cha pombe litageuka buluu inayokaribia weusi iwapo ukungu ni wa wanga. Na ukungu unaotokea chupa ikiwa kwenye jokofu kisha ukatoweka inapopata joto la chumba kwa kawaida ni wa protini, ambao hauna ubaya wowote.

Ukungu wa bakteria una mwendo wake. Zungusha chupa mara moja, uitulize mbele ya tochi, na utaona mawimbi laini yakipita ndani ya kinywaji kama kitambaa cha hariri kinachopeperushwa, bila punje unazoweza kuzitenga kwa jicho. Hiyo ni kazi ya bakteria wa asidi ya laktiki mara nyingi, na ulimi utathibitisha kwa ukali wa maziwa yaliyoganda ambao haukuwapo ulipojaza. Baadhi yao hufanya pombe iwe nzito na yenye utelezi; ukiimimina hutiririka kimyakimya kama mafuta, na ukiinua kijiko, uzi mwembamba kama ute wa yai huning'inia kabla ya kukatika. Hali hiyo yenyewe si sumu, lakini ladha hairudi mahali pake, na mimi humwaga.

Kilicho juu

Hapa ndipo uharibifu wa kweli unapokaa, kwa sababu juu ndipo hewa ilipo. Nta huwa punje ngumu au duara jembamba linaloshika kioo. Itoe kwa kijiko uitie ndani ya maji yaliyochemka muda huohuo: nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, hivyo italegea na kuenea juu ya maji kama tone la mafuta, kisha maji yakipoa itaganda tena. Kiumbe hai hakifanyi hivyo. Kama ningelijua jaribio hili la dakika moja, zile chupa sita zingekuwa zimenywewa.

Utando mweupe kama unga, ulio mkavu na wenye mikunjo inayopasuka chupa inapotikiswa, kwa kawaida ni hamira wa mwituni wanaopenda hewa. Utando unaoteleza, mzito kama ngozi ya jeli, pamoja na harufu ya siki au ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ni wa bakteria wa asidi ya siki. Manyoya, hasa ya rangi ya kijani, buluu au nyeusi, ni kuvu.

Kwa kuvu sina mjadala: mwaga chupa nzima. Baadhi ya kuvu hutengeneza sumu zinazoyeyuka ndani ya kinywaji, na kileo hakiziondoi. Ukikwangua manyoya, sumu inabaki. Utando wa hamira wa mwituni uliogunduliwa mapema, huku harufu ikiwa bado safi, unaruhusu kuokoa kinywaji kwa kukivuta kwa mrija kutoka chini ya utando, kukitia potasiamu metabisulfiti, dawa ya kudhibiti vijidudu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na kukijaza upya kwenye chupa safi hadi shingoni. Kilichoanza kuwa siki kiache kiendelee kuwa siki, ila kwenye chombo chake chenyewe na mbali na mitungi mingine.

Pua, ulimi na haidromita

Onja tu kile ambacho macho na pua vimekipitisha. Harufu ya yai bovu au kiberiti kwa kawaida hutokana na hamira iliyokosa virutubisho, na aghalabu hupungua pombe ikipata nafasi ya kupumua kidogo. Ladha ya kizimba cha panya ambayo haisikiki pombe ikiwa mdomoni bali huja sekunde chache baada ya kumeza ni ya vijidudu, na haitibiki nyumbani. Harufu ya majani ya jeranio hutokea pale potasiamu sorbati, dawa ya kuzuia hamira isiongezeke, ilipotumiwa bila metabisulfiti ya kutosha, bakteria wa laktiki wakaigeuza, nayo haiondoki.

Kwa chupa zilizopatikana na gesi, toa gesi yote kutoka kwenye sampuli na upime kwa haidromita, kifaa kinachoelea ambacho huonyesha uzito wa kinywaji na hivyo sukari iliyobaki, kisha linganisha na namba uliyoandika siku ya kujaza. Namba ikiwa imeshuka, sukari inaliwa. Rudisha pombe yote kwenye mtungi wenye vali ya hewa, subiri itulie hadi vipimo vitatu vilivyopishana wiki moja moja vilingane, na ndipo utie sorbati na metabisulfiti kwa pamoja. Sorbati haiui hamira, huizuia tu kuongezeka, kwa hiyo ukiitia katikati ya uchachukaji umepoteza dawa na muda.

Wapo wanaoogopa sumu ya botulini kwa kuwa asali huweza kubeba mbegu za bakteria wake. Bakteria hao hawakui penye pH (kipimo cha ukali wa asidi; namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) iliyo chini ya 4.6, na pombe ya asali iliyochacha ipasavyo huwa kati ya 3 na 4, jambo ambalo kipimo cha pH kitakuonyesha mara moja.

Mwenye hadubini ya ukuzaji wa mara 400 anaweza kumaliza ubishi wowote uliobaki. Hamira huonekana kama mayai madogo, baadhi yakiwa na kichipukizi ubavuni. Bakteria ni wadogo zaidi, vijiti au mikufu ya vidoa. Fuwele zina kona kali. Kuvu ina nyuzi zinazotawanyika. Louis Pasteur alitumia chombo hichohicho katika miaka ya 1860 alipochunguza magonjwa ya mvinyo nchini Ufaransa.

Chupa ya kioo iliyokuwa na maambukizi inaweza kutumika tena ikiwa imelowekwa kwenye maji ya moto yenye sabuni ya magadi, imesuguliwa ndani kwa brashi hadi kwenye kona za chini, imesuuzwa, na kutakaswa kwa dawa muda mfupi kabla ya kujazwa. Kizibo chake na mrija wa plastiki uliopitisha pombe hiyo vitupwe, kwa maana mikwaruzo ya plastiki huficha vijidudu mahali ambapo brashi haifiki.