Kuchagua misumari, bolti na vyuma vya mashua

Kabla fundi hajaanza kuunganisha mbao na mataruma, yaani mbavu za chombo, pale ufukweni Bagamoyo, mwenye chombo anapaswa kujua kila kipande cha chuma kitakaa wapi, kwa kuwa bolti inayodumu miaka mingi juu ya sitaha yaweza kuliwa upesi ikiwa chini ya maji.

Mashua nyingi za mbao hupigiliwa misumari ya chuma yenye zinki, na hapo ndipo macho hudanganya. Msumari laini unaometameta kwa kawaida umepakwa zinki nyembamba kwa umeme, nao haufai baharini. Utakaokufaa ni ule uliochovywa katika zinki iliyoyeyushwa, wenye rangi ya kijivu iliyofifia na ngozi ya kukwaruza kidogo, maana zinki ndiyo inayoliwa kwanza ili chuma kisalimike, na kadiri ilivyo nene ndivyo msumari unavyodumu. Nyundo huibandua zinki kichwani. Kwa hiyo vichwa vizamishwe ndani ya mbao, vipakwe rangi na kuzibwa kabla chombo hakijashushwa.

Stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, nayo si ya aina moja. Bolti yenye alama ya A2 ni ya daraja la 304, na yenye alama ya A4 ni ya daraja la 316, ambalo lina asilimia 2 hadi 3 ya metali iitwayo molibdeni na kwa sababu hiyo huhimili chumvi vizuri zaidi. Sumaku haiwezi kukutofautishia hizi mbili, hivyo soma alama iliyopigwa kichwani, na kwa vyuma vya sitaha na mlingoti nunua A4 hata kama bei itauma. Hata hivyo, usiifiche ndani ya mbao zinazolowa daima. Utando unaoikinga stenlesi huhitaji oksijeni, na penye maji yaliyotuama ndani ya tundu oksijeni hupungua. Bolti ikitolewa, kichwa bado kinang'aa ilhali kiuno kimeliwa.

Chini ya maji, bronzi ya silikoni, yaani shaba iliyochanganywa na silikoni, ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Skrubu za shaba ya njano ziepukwe kabisa, hata zikifanana nayo kwa rangi, kwa sababu maji ya chumvi huziondolea zinki na kuacha shaba nyekundu yenye vinyweleo, inayokatika kwa mkono.

Jambo linaloharibu vyombo vingi ni kuchanganya. Bawaba za usukani za bronzi zikigusana na misumari ya zinki ndani ya maji ya bahari, umeme mdogo hupita kati yao kama katika betri, na misumari ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo, kama ubavu umekwisha kupigiliwa misumari ya zinki, bawaba nazo ziwe za chuma kilichochovywa zinki. Mwenye mashine ya kupachika nyuma ahakikishe kipande chake cha zinki, kinacholiwa badala ya mashine, hakipakwi rangi, na akibadilishe kikibaki nusu.