Risasi za kuzamia zisikae begi moja na miwani

Wazamiaji wenzangu, risasi za mkandani (vile vipande vizito vya madini ya risasi vinavyomsaidia mzamiaji kuzama) zitengee chombo chake. Kreti ya soda au ndoo ya rangi iliyokatwa nusu inatosha. Usiijaze: lita moja ya risasi ina zaidi ya kilo 11, kwa hiyo ndoo ndogo tu inang'oa mpini kabla hujafika kwenye boti. Mimi naishia kilo 10 kwa kila chombo.

Ndani ya boti ziweke chini kabisa, katikati, zikiegemea kitu. Juu ya benchi hapana. Wimbi moja tu na kidole cha mguu kimekwenda (changu bado kina alama).

Ukimpa mtu mkanda, shika ncha isiyo na bizimu (kile kifungo cha mkanda), bizimu lining'inie chini. Ukishika upande wa bizimu, vipande vinateleza kimoja kimoja hadi baharini.

Jioni suuza kwa maji baridi, anika, weka mbali na watoto. Na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chapati. Risasi ni sumu, hasa ile iliyochakaa inayoacha weusi vidoleni.