SOMO: Utani unaojirudia kwenye kampeni ya Dungeons & Dragons, namna ya kuupanda na kuurudisha (someni kabla ya kuuliza)

Swali ni lile lile kila wiki: "Mkuu, meza ya jirani wana muuza uji anayetokea kila mji na wanavunjika mbavu. Mimi nimeweka wangu, watu wameniangalia tu." Nimelijibu inboksi mpaka nimechoka. Naliweka hapa mara moja, atakayeuliza tena natuma kiungo.

Hesabu zangu ni za meza ya wachezaji 4 au 5, sesheni ya saa 3 hadi 4, Dungeons & Dragons (D&D) toleo la 5: mchezo wa mezani ambapo mwendeshaji anasimulia dunia, wachezaji wanaigiza wahusika, na dadu inaamua. Kampeni ni kisa kimoja kinachoendelea sesheni nyingi. Kwa mfumo mwingine badili namba tu.

Hatua ya 1. Usitunge, okota. Utani unaodumu huanzia kwa wachezaji: mtu kakosea kutamka jina, kavingirisha dadu ikatoka 1, namba mbaya kuliko zote, akifungua mlango usio na kufuli, kabishana bei ya kamba. Weka ukurasa mmoja wa daftari wenye safu nne: sesheni, maneno yenyewe kama yalivyosemwa, nani alicheka, umerudi mara ngapi. Safu ya tatu ndiyo muhimu. Akicheka mmoja, achana nao. Wakicheka watatu, una mbegu.

Hatua ya 2. Kaa kimya sesheni mbili. Ukiurudisha wiki ile ile ni mwangwi tu.

Hatua ya 3. Upe mwili. Uwe mtu, kitu au mahali ndani ya dunia ya mchezo, wenye kazi halali hata kwa asiyejua mzaha. Njia rahisi ni jina, na mchezo huu wenyewe umejaa majina ya namna hiyo tangu enzi za 1974. Mchawi Zagyg ni Gygax, mmoja wa waliotunga mchezo huu, aliyesomwa kutoka nyuma, X ikageuzwa Z. Tenser ni herufi za Ernest, mtoto wa Gygax, zimechanganywa. Drawmij someni wenyewe kuanzia mwisho, mtamkuta Jim Ward, mmoja wa wachezaji wa Gygax.

Sisi tuna chombo kinachofaa zaidi: kinyume, kile cha watoto wa pwani. Silabi ya mwisho inakuja mbele. Juma anakuwa Maju, Baraka anakuwa Kabara, Rehema anakuwa Marehe. Ukibahatika jina linazaa maana yake lenyewe. Halima anakuwa Mahali, kwa hiyo unaweza kuwa na mji unaoitwa Mahali, na kila anayeuliza njia anaambiwa "mko karibu na Mahali". Hamisi anakuwa Sihami: mwenye nyumba ya wageni anayeapa kwamba yeye hahami, na kila mji mpya mnamkuta kashafungua nyumba nyingine. Mwombe ruhusa mwenye jina kwanza. Maumbile ya mtu usiyaguse kabisa.

Hatua ya 4. Neno lenye maana mbili. Hapa ndipo nilipoharibu, na ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mzaha wenyewe unajulikana: mwendeshaji anataja kitu, mchezaji anaelewa kingine, upanga unatoka. Kiswahili kimejaa maneno ya kufaa. Mbuzi wa kufugwa na mbuzi ya kukunia nazi. Tembo wa porini na tembo ya mnazi. Paa wa mbugani na paa la nyumba. Taa ya mafuta na taa wa baharini. Tatizo ni ngeli, maana upatanisho unakusaliti kabla hujamaliza sentensi. Ukisema "mbuzi amekaa mlangoni", huyo ni mnyama, na baadaye ukigeuka kusema ni kifaa umewadanganya. Ukisema "mbuzi imewekwa mlangoni", mzaha umekufa hapo hapo. Sentensi lazima isibebe upatanisho wowote:

- Tumia kuna, pana, mna: "Mlangoni pana mbuzi." Salama.
- "Mnaona mbuzi" salama. "Mnamwona mbuzi" umeshatoboa siri.
- Sifa marufuku: mkubwa au kubwa, mzee au kuukuu, zote zinafichua.
- Idadi marufuku: wawili au mbili.
- Yule, ile, lile, wake, yake: marufuku.

Andika sentensi kwenye kadi na uisome kwa sauti peke yako mara tatu kabla ya sesheni. Ukiitunga papo hapo, ulimi utaweka "a-" wenyewe.

Onyo la kwanza: mchezaji akiuliza moja kwa moja, "yuko hai?", mjibu kweli. Mchezaji anaona dunia kupitia mdomo wako tu, hana macho mengine. Onyo la pili: kosa lisigharimu zaidi ya zamu moja au mshale mmoja. Mhusika akifa kwa ajili ya mbuzi ya nazi, kuanzia siku hiyo kila nomino itaulizwa ngeli yake na sesheni ya saa nne itakuwa ya saa saba. Onyo la tatu, na hili ndilo lililoniponza: usifiche dalili muhimu ya kisa ndani ya mzaha. Watacheka na kupita, au watakesha wakichunguza mbuzi huku mlango wa siri uko ukuta wa pili. Maneno mawili ya aina hii kwa kampeni nzima yanatosha.

Hatua ya 5. Dozi. Vingirisha dadu ya pande 6 kwa siri mara mbili kila sesheni: wanapoingia makazi mapya na wanapolala. Ikitoka 1, utani unarudi. Kwa wastani ni mara moja kila sesheni tatu, na hakuna atakayeweza kuotea.

Hatua ya 6. Kila ukirudi, kitu kimoja kibadilike. Sihami kaoa. Sihami kapandisha bei. Sihami anamdai adui mkuu kodi ya miezi mitatu.

Hatua ya 7. Ukirudi mara tano, uzike. Uache hadi sesheni ya mwisho ya kampeni.

Maswali karibuni, ila someni kwanza.

---

pweza_wa_nane: Mkuu sijasoma yote, ni ndefu. Naomba orodha ya vichekesho 20, nina gemu kesho.

Mleta somo: Hatua ya 1.

pweza_wa_nane: Sasa si ungeandika tu hata kumi?

Mleta somo: Ningekuandikia kumi, wangecheka wachezaji wangu. Wako sijui wanacheka nini. Unajua wewe.

bi_karafuu: Asante kwa somo mkuu. Kwenye kinyume, majina yenye konsonanti mbili yanakwendaje? Nina Fatma na Mwanaidi mezani.

Mleta somo: Swali zuri dada. Fatma mfungue kwanza awe Fatuma, unapata Mafatu. Mwanaidi ni mwa-na-i-di, kwa hiyo Dimwanai. Mw usiikate, hiyo ni silabi moja pamoja na irabu yake. Jina la silabi mbili hugunduliwa upesi, Juma na Maju wanafanana mno, hivyo mpe mhusika wa kupita. La silabi tatu au nne ndilo la mtu wa kudumu. Tena litamke kawaida, mkazo ukae silabi ya pili kutoka mwisho: si-HA-mi. Ukiubakiza mkazo wa jina la zamani watakunasa. Na kama mnacheza kwa maandishi, usilitaje Sihami karibu na sentensi yenye Hamisi, jicho huona haraka kuliko sikio.

KobeMkaidi: Nilifanya ya tembo. Mtu karusha moto, pombe ikalipuka, wahusika wawili wamekufa. Sasa wamenuna. Somo lako lina kasoro.

Mleta somo: Onyo la pili. Halafu tembo ya mnazi hailipuki, ni tamu inayochacha, si spiriti. Hiyo ni yako.

KobeMkaidi: Sawa, ila ungeweka kwa herufi kubwa.

Mleta somo: Limeandikwa "onyo".

taa_ya_kisima: Naendesha kampeni ya kutisha. Utani si utaharibu hofu?

Mleta somo: Unaharibu ukiuleta katikati ya hofu. Ulete kabla, na baadaye uulete bila kicheko. Wakishamzoea Sihami miji minne, mji wa tano wakute kibao chake, mlango wazi, chai bado ya moto, yeye hayupo. Usiseme neno zaidi. Hapo ile dadu ya hatua ya 5 iweke pembeni, mwaka mzima wa mzaha unautumia mara moja.

taa_ya_kisima: Na mhusika wa mchezaji akifa? Meza yangu ikifika msibani inakuwa nzito, hakuna anayejua aseme nini.

Mleta somo: Weka watani. Chukua makabila mawili ya dunia yako waliowahi kupigana zamani, tuseme vibete na maelfu wa msituni (elves wa Kiingereza, mmoja ni elfu), uwafanye watani kama Wahehe na Wangoni. Ukifika msiba wa kibete, maelfu wanaingia wanamwigiza marehemu alivyotembea na alivyobania pesa, wanashika jeneza hawaliachii mpaka walipwe. Malipo yawe madogo, vipande 5 vya fedha, na mchezaji wa marehemu ndiye anayeamua kama ameigizwa sawasawa. Mwulize kabla kama anataka. (Na hapo una mzaha wa ngeli wa bure: "elfu moja wanakuja" na "elfu mmoja anakuja".)

mganga_wa_zamu: Nachangia kidogo. Waliotunga uchawi wa D&D walificha vichekesho kwenye vifaa vyake pia. Wa kupita ukutani unahitaji ufuta, wanamfuata Ali Baba na "funguka, ufuta" yake. Wa kusoma mawazo unahitaji sarafu ya shaba, kwa sababu Waingereza wana msemo wa kununua wazo la mtu kwa peni. Kwa Kiswahili huo hauchekeshi mtu. Mimi nimebadilisha: akili ni nywele, kwa hiyo lazima upate unywele mmoja wa unayemsoma.

bi_karafuu: Na adui mwenye kipara?

mganga_wa_zamu: Hasomeki. Ndiyo maana maadui wakubwa wote kwangu wana vipara. Ilichukua wachezaji sesheni 9 kugundua.

Mleta somo: Hii naiiba. Ongeza na hii: uchawi wa Haraka (Haste) na wa Baraka (Bless), kila mmoja katika toleo la 5 unadai umakini wa mchawi, na mchawi mmoja hawezi kushika umakini wa uchawi wa aina mbili kwa pamoja. Kwa hiyo haraka haina baraka kwa mujibu wa kanuni. Usiwaambie. Andika majina hayo kwa Kiswahili kwenye karatasi zao, usubiri wa kwanza ajaribu.

pweza_wa_nane: Mkuu nimesoma sasa. Yule muuza uji naweza kumtumia?

Mleta somo: Nani alicheka?

pweza_wa_nane: Mimi.

Mleta somo: Safu ya tatu.